Ikulu yasemeka, jiko la shule halisemeki

Mara mbili Mahakama Kuu ya Kenya imeombwa iamue kama wasichana wa sekondari wanaweza kusema hadharani jambo linalowaudhi wakubwa, na mara zote mbili shule iliyohusika ni ileile: Butere Girls, si mbali na Kisumu, pale inapoishia reli ya zamani inayotoka bandarini. Mwaka 2013 tamthilia yao Shackles of Doom, iliyozungumzia jinsi mali ya nchi inavyogawanywa kwa upendeleo, ilipigwa marufuku isifike kwenye tamasha la kitaifa. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikimbilia mahakamani, Jaji David Majanja akaondoa marufuku, na wasichana wakaigiza. Miaka 12 baadaye ikawa zamu ya Echoes of War, iliyoandikwa kipindi ambacho nchi ilikuwa bado inaugulia maandamano ya vijana ya Juni 2024. Mapema Aprili 2025 Jaji Wilfrida Okwany aliamuru shule iruhusiwe kushiriki. Amri hiyo ilifika Nakuru, kulikofanyika tamasha la kitaifa, lakini polisi nao walifika. Usiku wa kuamkia onyesho mwandishi wa tamthilia, Cleophas Malala, alikamatwa. Asubuhi ya Aprili 10, katika Kirobon Girls, raia na wanahabari walirushiwa gesi ya kutoa machozi, na wasichana wakaambiwa waigize mbele ya viti vitupu. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo, kila mjadala kuhusu uhuru wa mwanafunzi kusema huanzia Butere na kuishia Butere. Ninavyoona, hapo ndipo tunapopotea njia, na wala si kwa sababu wasichana wale walikosea. Kesi zote mbili zilihusu serikali: Ikulu, bajeti, ugawaji wa vyeo. Mahakama hazikuulizwa kama msichana yuleyule, akirudi shuleni, anaweza kuandika kwenye jarida la shule kwamba pesa za chakula cha mchana zimepanda tangu muhula uliopita ilhali sahani imepungua. Tena maneno yaliyopiganiwa yaliandikwa na mtu mzima. Mwaka 2025 Malala alikuwa seneta wa zamani wa Kakamega na katibu mkuu wa zamani wa chama tawala, chama ambacho alikuwa amekwisha kukosana nacho. Wasichana walikuwa na haki ya kuigiza, na serikali haikuwa na haki ya kuwazuia. Lakini mwenye kujali uhuru wa uhariri wa vijana hana budi kuuliza pia ni nani aliyeshika kalamu. Mwanafunzi anahitaji kuwa huru mbele ya waziri, na vilevile mbele ya mpinzani wa waziri.

Kwa hiyo naomba tuiache Nakuru kidogo, turudi Kisumu, tupite Kondele, tuingie Manyatta.

Shule nyingi zinazohudumia mtaa huu ni za kutwa. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu shule za Kenya hukopa picha ya bweni: ukuta, lango, kengele, na watoto wasiojua yanayotokea nje mpaka siku ya kufunga. Mwanafunzi wa Manyatta hulala Manyatta. Ndiye anayetumwa mferejini jioni na kulipia maji kwa mtungi, ndiye anayejua bei ilipanda lini na ni kioski kipi kilichofungwa. Visima vifupi vya mtaa huu na vya Migosi vimeshachunguzwa na watafiti, wakakuta uchafu wa vyoo vya shimo umeingia majini. Habari hiyo imechapishwa kwenye majarida ya kisayansi ambayo hakuna mama wa Manyatta B atakayeyasoma. Mwanahabari wa Kidato cha Tatu angeweza kuiandika kwa kurasa mbili, kwa lugha ya mamake, na ikasomwa hadi Kuoyo. Kuhusu mtaa wake, mtoto huyu ana habari nyingi kuliko mwandishi yeyote anayetumwa kutoka Nairobi siku ambazo Kondele kunachomwa tairi.

Na makala hiyo ya visima ingepita. Mwalimu mkuu angeipenda, mlezi wa chama cha wanahabari angeipeleka mashindanoni, labda hata mwakilishi wa wadi angekuja kupigwa nayo picha. Haitapita makala ya pili, ile inayouliza vyoo vya shule viko umbali gani kutoka kwenye tangi la maji la shule.

Mpaka wenyewe ndio huo, na mwanafunzi huujua bila kuambiwa. Ukitaka kuuona vizuri, sikiliza gwaride la asubuhi katika shule yenye chama cha wanahabari au Chama cha Kiswahili. Mwanafunzi anasimama mbele na kusoma taarifa ya habari kwa sauti ya redio hasa, salamu za ufunguzi na muhtasari wa habari kwa ufasaha. Atatangaza Ukraine, Gaza, bei ya mafuta, matokeo ya Arsenal na Gor Mahia. Wenzake waliopanga mistari mbele yake wanajua kwamba jana mwalimu fulani alimchapa mtoto mpaka akaenda zahanati, na wanajua kwamba halitasomwa. Kila siku ya shule, kwa miaka minne, wanafundishwa kwamba habari ni kitu kinachotokea mbali.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 haimsahau mtoto. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na hakijaweka umri. Kinaacha nje uchochezi wa vurugu, propaganda ya vita na matamshi ya chuki, na kinadai heshima kwa haki na sifa za wengine. Kifungu cha 34 kinaikataza serikali kumwingilia mtu yeyote katika utayarishaji au usambazaji wa chapisho lolote, au kumwadhibu kwa maoni yake. Kifungu cha 24 ndicho chenye meno: haki inaweza kupunguzwa kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachokubalika katika jamii iliyo wazi. Woga wa mwalimu mkuu si sheria. Wala maneno ya naibu wake, "tutalihifadhi kwa toleo lijalo," si sheria. Kimataifa, Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 13 kinamtaja mtoto mwenyewe na kumpa haki ya kujieleza kwa mdomo, kwa maandishi au kwa chapa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ndiyo inayonyamaza. Imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi kwa wadhifa wake, na hiyo ni hatua. Kuhusu gazeti la shule haina neno. Hivyo pana Katiba yenye maneno mazito huko juu na ukimya huku chini, na katikati yake anaketi mwalimu mkuu na kalamu nyekundu.

Marekani pengo hilo waliliziba kwa kesi, na inafaa kuona walikofika. Mwaka 1969, katika shauri la Tinker, Mahakama ya Juu ilimlinda msichana aliyeadhibiwa akiwa na miaka 13 kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Kisha likaja shauri la Hazelwood, na hilo ndilo linalohusu gazeti hasa. Mwaka 1983 huko Missouri mwalimu mkuu aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi lililoitwa Spectrum, kwa sababu ya makala moja kuhusu wanafunzi waliopata mimba na nyingine kuhusu talaka za wazazi. Mwaka 1988 mahakama ileile, kwa kura 5 dhidi ya 3, ilimpa haki mwalimu mkuu: gazeti linalotolewa na shule kama sehemu ya mafunzo linaweza kudhibitiwa na shule iwapo ina sababu ya kielimu. Tangu hapo majimbo kadhaa yametunga sheria za kuwarudishia wanafunzi kalamu. California ilikuwa imefanya hivyo tangu 1977, na mengine yakaifuata baadaye.

Nalitaja shauri la Hazelwood kwa sababu linatatiza msimamo wangu, na ni vizuri utatizwe. Mwalimu mkuu yule alikuwa na hoja moja ya kweli. Majina ya wasichana wajawazito yalikuwa yamebadilishwa, lakini walikuwa wachache shuleni, na aliogopa kwamba wangetambuliwa. Lihamishie hilo Manyatta. Kwa miaka mingi sera ya Kenya imemruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Mwanafunzi mwenzake akiandika makala nzuri, yenye huruma, kuhusu "msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliyerudi Januari," mtaa mzima utamjua kabla wino haujakauka. Hapo mhariri mtu mzima anayesema "hapana" hamzimi mtu. Anamlinda mtoto, kama kifungu cha 53 cha Katiba kinavyodai maslahi ya mtoto yatangulie. Anayetetea uhuru wa wanahabari wa shule bila kukiri hili bado hajafikiria sawasawa.

Ila angalia jinsi sababu moja njema inavyogeuzwa shuka la kufunikia mengine yote. Faragha ya msichana ni sababu. Sura ya shule mbele ya wazazi si sababu. Chukua mambo manne ambayo mwanafunzi wa kutwa angetaka kuyaandika leo: fimbo, pesa za masomo ya likizo, pesa za chakula, na mwalimu anayewatongoza wanafunzi. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001, na sheria ya 2013 ikakaza marufuku hiyo. Sheria hiyohiyo inakataza masomo ya likizo. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, shilingi 22,244 kwa mwaka kwa hesabu rasmi, unajulikana kwa umma. Mwaka 2025 Wizara ya Fedha yenyewe ilikiri kwamba haimudu kiasi chote, na pengo hilo lazima lizibwe na mtu, mara nyingi mzazi. Na waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu unamtaka mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti ndani ya saa 24. Katika yote manne mwandishi kijana hapigi umbea. Anaripoti jambo ambalo serikali yenyewe imesema lisifanyike, au imesema lifanyike na halifanyiki.

Kwa nini basi hatusikii kesi? Wanafunzi kuburutwa mahakamani au kufukuzwa kwa sababu ya makala ni nadra, na huenda huo ndio ugumu wenyewe. Butere walizuiwa kwa marufuku ya wazi, na marufuku ya wazi hukatiwa rufaa. Jarida la shule huzuiwa kwa njia ambazo hazina barua.

Njia ya kwanza ni pesa. Jarida la shule la kawaida hutoka mara moja kwa mwaka, mara nyingi likilenga siku ya wazazi au ya kutoa tuzo. Fungua lolote: picha ya mwalimu mkuu, ujumbe wa mwalimu mkuu, ujumbe wa mwenyekiti wa bodi, ujumbe wa mwenyekiti wa wazazi, picha ya walimu, jedwali la matokeo ya mtihani wa KCSE, picha za kila darasa. Kisha, nyuma kabisa, mashairi matatu, vichekesho na makala juu ya madhara ya mihadarati. Mimi sina ugomvi na kitabu cha namna hii. Shule ina haki ya kujinadi, hasa siku hizi ambapo shule ndogo za mitaani zinagombania wanafunzi. Tatizo ni kuliita gazeti la wanafunzi. Anayelipa mpiga chapa mjini ni shule, na anayelipa ndiye anayesoma nakala ya mwisho kabla haijaenda mtamboni.

Wazee wa Nyanza walilielewa hili mapema. Kampuni ya Luo Thrift and Trading, iliyoanzishwa na Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1947, haikuuza bidhaa za dukani tu. Ilimiliki pia mtambo wa kuchapa, na gazeti la Ramogi la Achieng' Oneko likapata pa kuchapishiwa. Wote wawili walikuwa wamesoma Maseno, shule ambayo wanafunzi wake waligoma mwaka 1908, miaka 2 tu baada ya kufunguliwa, wakidai masomo badala ya kazi za mikono. Gazeti la shule, hata kama wangepewa, bila shaka lingebeba habari za ibada na kandanda. Walipokua walinunua mtambo wao.

Njia ya pili ni uhariri wenyewe, na mfano wake bora hautoki ziwani bali Kikuyu. Mwaka 1957 jarida la Alliance High School lilichapisha hadithi ya mwanafunzi mmoja, "I Try Witchcraft". Mwanafunzi huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapwa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, katika kumbukumbu zake alizoziita In the House of the Interpreter, aliandika kwamba hadithi aliyoisoma jaridani haikuwa hasa aliyoiandika. Mkono wa mhariri ulikuwa umeigeuza ikawa lawama kwa maisha na imani za jamii nzima, na sifa kwa nuru iliyoletwa na wageni. Hakuna aliyemkataza Ngũgĩ kuandika. Alichapishwa, na jina lake likawekwa. Nachelea kusema kwamba hili linauma kuliko kukataliwa, kwa maana aliyekataliwa angalau bado ana karatasi yake mfukoni.

Njia ya tatu ni cheti. Mwanafunzi anapomaliza Kidato cha Nne hupewa cheti cha kuondoka shuleni, chenye nafasi ya mwalimu mkuu kuandika kuhusu bidii na tabia yake. Mstari mmoja unatosha. Ukiwa mtoto wa muuza omena wa Kondele na unatafuta udhamini wa masomo, hutauhatarisha mstari huo kwa ajili ya makala juu ya jiko.

Ya nne ndiyo inayonishughulisha zaidi, na ndiyo isiyozungumzwa: mlezi wa chama. Huyu kwa kawaida ni mwalimu kijana wa Kiswahili au Kiingereza, pengine ameajiriwa na bodi kwa mshahara mdogo huku akisubiri ajira ya kudumu ya tume. Makala ikizua moto, mwanafunzi ataitiwa mzazi, na mwalimu atakosa mkataba muhula ujao. Kwa hiyo mlezi hujifunza kukata kabla hajaambiwa akate. Na walimu wa ukanda huu wana sababu nyingine ya kuogopa. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwa babake Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Baada ya hapo nani atamkemea mlezi wa chama kwa kufuta aya moja?

Walimu wakuu nao wasikilizwe. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini zilichomwa moto, na mwalimu mkuu aliyepitia mwaka ule husoma kila lalamiko la maandishi kama kiberiti. Anajua pia kwamba tuhuma dhidi ya mwalimu ikichapwa kwa jina na ikawa si kweli, shule ndiyo itakayoshtakiwa, na jina la mtu halisafishwi kwa tangazo la gwarideni. Siwezi kudai kwamba jarida huru lingezuia bweni lolote lisiungue. Ninaloweza kusema ni dogo kuliko hilo: manung'uniko yaliyoandikwa, yakahaririwa na kutiwa jina, yanaweza kujibiwa, na mwalimu mkuu akapewa ukurasa wa pili aeleze hesabu ya chakula ilivyo. Manung'uniko ya chooni hayajibiki.

Wala ya simuni. Simu zimekatazwa shuleni, lakini mwanafunzi wa kutwa anayo nyumbani, au ya dadake, na saa moja jioni kila kitu ambacho jarida lilikataa kimo kwenye kundi la WhatsApp au kwenye ukurasa wa Facebook usio na jina la mwenyewe. Huko hakuna mhariri wa kuuliza "una uhakika?", hakuna anayemficha msichana aliyejifungua, na mwalimu asiye na hatia hutajwa pamoja na mwenye hatia. Huko pia ndiko sheria inakomsubiri mtoto. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliweka adhabu ya faini ya mamilioni au kifungo kwa uchapishaji wa habari za uongo. Ni kweli mahakama zimeng'oa baadhi ya visiki: mwaka 2016 kifungu kuhusu matumizi mabaya ya mitambo ya mawasiliano kilibatilishwa katika kesi ya Geoffrey Andare, na mwaka 2017 kosa la jinai la kuchafua jina likafuatia katika kesi ya Jacqueline Okuta. Lakini mtoto wa miaka 16 hajui kipi kilibaki na kipi kilifutwa. Mwalimu mkuu anapokataa makala yenye mhariri, mara nyingi huwa anachagua ile isiyo na mhariri.

Kuna upande mwingine wa woga ambao Afrika Mashariki inaujua kutoka vyuoni. Novemba 1970 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku Cheche, jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililokuwa limechapisha uchambuzi wa Issa Shivji na maandishi ya Walter Rodney. Waliolipiga marufuku si mabepari. Ni serikali ya kijamaa iliyokasirishwa na vijana walioudai ujamaa kwa dhati kuliko yenyewe. Walimu wengi wa historia husimulia kisa hicho kama habari ya itikadi. Mimi naona ni habari ya umri. Mkubwa huvumilia kupingwa na adui yake. Anachoshindwa kuvumilia ni mtoto wake kumkumbusha aliyoyahubiri mwenyewe. Shule inayofundisha kifungu cha 33 katika somo la historia na serikali saa tatu asubuhi, kisha ikakifuta saa kumi kwenye chama cha wanahabari, imo katika hali hiyo.

Nini kifanyike? Sitarajii bunge litunge sheria ya magazeti ya shule hivi karibuni, na sina hakika ningeitaka, maana sheria zetu za habari zina tabia ya kuanza kama ngao na kuishia kama rungu. Lililo karibu ni waraka wa ukurasa mmoja unaopitishwa na Bodi ya Usimamizi, ambapo mwakilishi wa wanafunzi tayari anaketi. Waraka huo ungetaja sababu chache ambazo kwazo makala inaweza kuzuiwa: inamtambulisha mtoto aliyeumizwa, inachochea vurugu, inamtuhumu mtu kwa jina bila ushahidi na bila kumpa nafasi ya kujibu. Nje ya hizo, hapana. Anayezuia aandike sababu, atie sahihi, na karatasi ibaki kwenye faili la chama. Sehemu hiyo ya sahihi ndiyo ningeipigania kuliko zote. Udhibiti wa shule zetu huishi kwa kutokuwa na mwenyewe. Ukidai jina chini ya neno "hapana," nusu ya makatazo yatayeyuka kwa aibu. Mlezi naye alindwe kwa mstari mmoja: asiadhibiwe kwa makala iliyofuata utaratibu.

Tuhuma za dhuluma ya kingono zibaki kando. Hizo zisingoje toleo. Mwanahabari kijana akizipata, kazi yake ya kwanza ni kuzifikisha panapostahili, na ikiwa saa 24 zimepita na mwalimu aliyeambiwa hakufanya kitu, basi kimya hicho ni habari inayoweza kuandikwa bila kumtaja mtoto hata kwa kidato chake.

Kuhusu pesa, chama kinaweza kujitenga na kitabu cha siku ya wazazi. Karatasi nne zilizopigwa chapa kwenye duka la fotokopi Kondele, zikabandikwa ubaoni kila wiki mbili, hazihitaji ujumbe wa mwenyekiti. Redio za mtaani na za vyuo zipo pia: Maseno ina chuo kikuu chenye stesheni yake, na stesheni za Kidholuo mjini Kisumu hutafuta sauti za vijana kila mara. Tahadhari ni ileile ya Butere, kwamba mtangazaji au mwanasiasa atakayempa mwanafunzi kipaza sauti asimwandikie na maneno.

Sasa pana jambo jipya linalobadilisha hesabu yote. Kidato cha Tatu na cha Nne vinaelekea kuisha. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na miongoni mwa masomo yaliyopangwa kwa ngazi hiyo ni teknolojia ya vyombo vya habari, pamoja na teknolojia ya bahari na uvuvi, ambalo mtu angedhani lilitungwa kwa ajili ya watu wa ziwani. Kile kilichokuwa chama cha Ijumaa alasiri kinaanza kuwa somo, lenye saa zake na vifaa vyake pale vitakapopatikana. Wengi wamelishangilia, na mimi nimo. Lakini chama kilikuwa na kauchochoro kamoja ambako somo halina: makala ya chama ikikataliwa, mwanafunzi hapotezi alama. Kazi ya somo hupimwa na mwalimu ndani ya shule, na mwalimu huyo yuko chini ya mwalimu mkuu. Mwanafunzi wa Manyatta atakayechagua kuandaa makala ya sauti kuhusu nyoyo (mahindi na maharagwe) ya mchana na hesabu yake, badala ya kuhusu usafi wa ufuo wa Dunga, atakuwa anaikabidhi kwa mtu mmoja aliye mhariri wake, mtahini wake, na mwajiriwa wa anayechunguzwa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala imeshaeleza mwanafunzi atapimwa ujuzi gani. Bado haijasemwa, kwenye karatasi yoyote atakayoshika mwalimu huyo, afanye nini kazi ikiwa bora na jiko likiwa la shule yake.